Alama Nyeupe ya Jaani

Hezekiah alikuwa mlinzi wa jaa, na tusimcheke, maana mwaka wa hamsini na saba hiyo ilikuwa kazi yenye kofia, koti la vifungo vya shaba na nyumba ya chumba kimoja kule Bondeni. Nyumba ndiyo ilikuwa kila kitu. Mkewe Jerop alikuwa ameisubiri miaka sita huko Subukia kwa wakwe zake, na siku alipokabidhiwa ufunguo alilia mbele ya majirani bila haya.

Katikati ya jaa ofisi ya mji ilikuwa imesimamisha nguzo yenye alama nyeupe, kimo cha mtu mzima. Kila mwisho wa mwezi Mzungu mmoja, ambaye watu walimwita Bwana Pima, alikuja na daftari kutazama taka zimefika wapi. Zikifika kwenye alama, mji unachafuka inavyotakiwa na mlinzi anahitajika. Zikiwa chini, jaa halina kazi, wala mlinzi hana, na asiye na kazi hana nyumba ya kazi. Hezekiah hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nani aliwahi kusikia mji umeishiwa na taka?

Tatizo ni kwamba hakuwa amemjua Wachuka. Mama huyo, mjane mwenye karakana ya mabati nyuma ya soko, alianza pole pole na mkokoteni wake. Alichukua madebe akayafanya koroboi. Matairi yakawa viatu vya akala. Mifupa aliisaga ikawa chakula cha kuku, matambara yakajaza magodoro, na maganda ya viazi yaliyooza yakapakiwa kwenye lori kwenda kurutubisha mashamba ya watu. Mji mzima ulimsifu. Hezekiah naye alimsifu, tena siku za kwanza alimsaidia kusukuma mkokoteni, mjinga yule. Kufikia Machi lundo lilikuwa limeshuka hadi magotini.

Alimwendea akamwomba apunguze bidii. Wachuka alimsikiliza kwa heshima, kisha akamweleza kwamba yeye hagusi cha mtu, anaokota kilichotupwa tu, na mtu anayechunga kitu kilichotupwa ni mchoyo wa aina yake. Hezekiah akarudi kwenye kanuni zake. Kanuni zilimwagiza azuie mbwa na fisi. Hazikutaja wajane.

Basi akaanza kutupa vyake. Asubuhi ya siku ya kupimwa alibeba meza, viti na sufuria mbili, akavipanga juu ya lundo mpaka alama ikafikiwa. Kesho yake Wachuka akavizoa. Mwezi uliofuata kikaenda kitanda. Jerop, kwa kukosa cha kupikia, alikwenda sokoni akarudi na sufuria nzuri ya kutoka kwa Wachuka, na Hezekiah alipoigeuza aliliona lile pengo alilolijua tangu siku ya harusi, sasa limezibwa vizuri. Mwezi uliofuata akaitupa tena. Ikarudi ina mpini.

“Mume wangu,” Jerop alimuuliza, “unailinda nyumba au unaihamisha?”

Alijibu kwamba anailinda, na moyoni aliamini hivyo kabisa.

Mwezi wa sita cha kutupa kilikuwa karibu kwisha. Alitupa kila kilichobaki, hadi ufagio, na bado lundo lilikuwa chini ya alama, na gari la Bwana Pima lilikuwa linasikika likipanda. Hezekiah aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akapanda juu ya lundo, akaketi, akanyoosha mgongo.

Bwana Pima alisoma kipimo mpaka utosini mwa kofia ya Hezekiah. Alifurahi, akaandika, akaagiza lundo lisipungue hata kidogo mpaka wakubwa wa Nairobi waje kuliona.

“Na mimi, Bwana?” Hezekiah akauliza.

Bwana Pima alitazama daftari, akasema kipimo kimeshaandikwa, akaondoka.

Siku ya tatu, Hezekiah akiwa bado ameketi pale juu, Jerop alimletea ugali na maziwa lala. Alimwomba ashuke waende nyumbani.

“Nikishuka hatuna nyumba,” alisema Hezekiah.

Jerop alimwambia kwamba mle ndani hakuna hata kigoda. Wachuka amempa kazi ya kushona magodoro, na huko karakanani kuna mahali pa kulala, kitanda chao wenyewe, kimetiwa miguu mipya. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mumewe. Kisha aliweka ufunguo chini, karibu na lundo, akaenda zake akijifuta macho. Hezekiah angeweza kuufikia kama angeshuka. Hakushuka.

Alasiri Wachuka alipita na mkokoteni. Amri alikuwa ameisikia, kwa hiyo lundo hakuligusa. Alimjulia hali Hezekiah, akamuuliza kama jua si kali huko juu. Ndipo akauona ule ufunguo mchangani. Akainama, akaupima uzito kiganjani.

“Mzee Hezekiah, hii ni shaba safi. Bado unautumia?”

Kutoka pale juu Hezekiah aliiona nyumba yake vizuri sana, bati lake likimeta, mlango umefungwa.

“Hapana, mama,” alisema. “Chukua.”