O Iliyokataa Kufumba Mdomo

Mama yangu ni fundi nguo, na kwa miaka kumi na minane mlango wake ulionekana kutoka barabarani bila shida yoyote. Halafu akaja jirani wa simu, akafungua duka lake ukuta kwa ukuta nasi. Kijana mwenyewe mpole, ana salamu nyingi kuliko wateja, lakini bango lake! Limetokeza nje kama droo iliyosahauliwa wazi, na lina taa za kila rangi aliyoumba Mungu pamoja na mbili tatu alizoongeza fundi umeme. Ukisimama kituoni, ng'ambo ya barabara, unaona SIMU, SIMU, SIMU. Sisi tuko nyuma ya M.

Hatukujua kama tumetoweka mpaka siku Mama alipokutana na mteja wake wa zamani kwenye foleni ya hospitali.

"Pole jamani," yule mama alimwambia kwa sauti ya msibani. "Nilisikia mlifunga."

"Tulifunga nini?"

"Duka."

Mama alirudi amefura. Siku hiyo alishona mfuko wa shati upande wa ndani, akafumua, akaushona tena mgongoni. "Kufunga! Mimi! Niko hapa tangu huyu hajaota meno!" Huyu ni mimi, bintiye. Kwa Mama mimi ndiyo kalenda. Historia yote ya duka inahesabiwa kwa meno yangu.

Kilichomuuma zaidi ni Mama Stoo. Huyu ni mtunza stoo wa shule iliyo mtaa wa juu. Kila mwaka, wiki tatu kabla shule hazijafunguliwa, huja na furushi la vitambaa na karatasi ya vipimo: sketi, kaptura, mashati. Kazi hiyo moja hutubeba hadi katikati ya mwaka. Mwaka huu zilibaki wiki mbili na Mama Stoo hata kivuli chake hatujakiona. Mama akatangaza kwamba asipotokea, basi wale wanaosema tumefunga tutawapa haki yao: cherehani itarudi nyumbani, sebuleni.

Sasa, anayelala sebuleni ni mimi. Kwa hiyo msinisifu kwamba nilipigania biashara ya familia. Nilipigania godoro.

"Si umpigie simu?" nikamwambia.

"Fundi habembelezi mteja. Kizuri chajiuza."

"Chajiuza, sawa, lakini kikiwa nyuma ya M kinajiuza kwa nani?"

Alinirushia kidonge cha uzi. Nikakidaka. Kesho yake asubuhi tukaenda kwa Waya.

Waya ni fundi wa mabango ya taa. Jina la kuzaliwa analo, ila kwa wembamba ule na kazi ile, mtaa ulishambatiza zamani. Karakana yake ni chumba kirefu chenye maneno kila ukuta: DAWA, VIATU, SALUNI, na HOTE moja iliyokuwa inasubiri LI yake. Alibonyeza swichi moja baada ya nyingine, na chumba kizima kikaanza kutupigia kelele bila sauti.

"Tuanze na hili, Mama. Maandishi yanatembea."

Mama aliyatazama yakipita, akageuza shingo kuyasindikiza. "Wateja wangu wengi magoti yanawauma, na wewe unataka wakimbizane na herufi?"

"Basi hili, linawaka na kuzimika."

"Hili linakonyeza. Nina heshima zangu."

"Nyekundu iliyotulia?"

"Wataniagiza bia."

"Kijani?"

"Wataniletea vyeti vya daktari."

Waya akanitazama kuomba msaada. "Kaka," nikamwambia, "mimi kanizaa na bado sijamshinda hata mara moja."

Mama akafungua mkoba, akatoa vidonge viwili vya uzi, akavishika chini ya taa ya bluu. "Upi mweusi, na upi wa bluu ya sare?"

Waya akaonyesha kwa kujiamini. Akakosea. Chini ya taa nyeupe kali akakosea tena. Kwenye ya tatu akaona aibu kujibu. Mafundi wote wa nguo wanaijua ajali hiyo: unapinda sketi ya bluu usiku kwa uzi mweusi, asubuhi jua linakuumbua. Mama aliendelea hivyo, taa kwa taa, kama daktari anayepima macho, mpaka akafika kwenye moja ya pembeni. Nyeupe, ila imepoa, ina umanjano kidogo kama karatasi ya daftari la zamani. Chini yake uzi mweusi ulikuwa mweusi, na wa bluu ulikuwa bluu.

"Hii," akasema. "Taa inayodanganya uzi itadanganya na watu."

Ilikuwa mrija laini unaokunjwa kuwa herufi, ukabandikwa juu ya ubao mweusi. Waya akauliza vipimo vya juu ya mlango. Mama alikuwa navyo kichwani.

"Sentimita mia moja na themanini, na nimeacha tatu tatu kila upande za upindo."

"Mama, ubao haupindwi."

"Kila kitu huachiwa upindo, mwanangu. Ndiyo maana watu wananenepa na nguo zangu zinaendelea."

Waya akaandika mia moja na themanini bila kubisha. Mtu mwerevu. Kisha akatupa habari mbaya: kwa upana huo, na kama tunataka kusomeka kituoni, zinaingia herufi nne tu. Tano zitabanana kama abiria. Twende nyumbani tukachague neno, tumletee kwenye karatasi.

Herufi nne! Lugha yetu ikianza kusema inataka nafasi, na sisi tumepewa herufi nne. Tulirudi dukani tukabishana tangu adhuhuri, yeye anakanyaga cherehani, mimi natoa vifungo kwenye koti kuukuu.

"FUNDI," nikasema. "Waya azibane tu."

"Fundi wa nini? Wataniletea pikipiki."

"SHONA."

"Unamwamrisha nani?"

"NGUO. Nne kamili."

"Watadhani nauza mitumba."

Hapo sauti ikaita kutoka mlangoni: "Hodi! Mama, mpo?"

"Tupo!" Mama akajibu kwa pembe ya mdomo, maana katikati ameshika pini.

Alikuwa jirani wa simu, anataka kuazima mkasi akate maboksi. Mkasi wa kitambaa ukate boksi? Mama alimtazama kama mtu aliyeomba kuazima jicho. Akampa ule wa karatasi, na kijana akaenda zake anashukuru.

"Unaona?" Mama akasema, akitema pini moja moja. "Ukuta mmoja! Ananisikia nikikohoa! Na bado anauliza kama tupo."

"Si tuandike hivyo hivyo," nikatania. "TUPO. Herufi nne. Anayeuliza anajibiwa kabla hajavuka barabara."

Mguu wa Mama ukasimama juu ya kanyagio. Mama akisimamisha mguu, jua jambo limeingia.

"Andika," akasema.

Nikachana kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, nikaandika kwa herufi kubwa, haraka haraka, nikaenda kukipenyeza chini ya mlango wa Waya, aliyekuwa ametoka. Hapa inabidi nikiri jambo. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti yangu: "Akili anazo. O zake hazifumbi mdomo, kama mwenyewe." Nyumbani tulicheka mwaka mzima. Hakuna aliyefikiri kwamba lile lilikuwa onyo.

Ijumaa jioni Waya akaja na ngazi, na bango limefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Watu walikuwa wanatoka kazini, kituo kimejaa. Mama alichagua saa hiyo makusudi, kwa sababu Mama Stoo naye akifunga stoo yake hupandia hapo, na Ijumaa ikipita, wiki inakuwa imebaki moja. Waya akakaza skrubu, akavuta waya, akafunua blanketi akiwa ameligeuzia bango mgongo. "Mama, bonyeza mwenyewe."

Mama akabonyeza. Mwanga ulikuwa mzuri, jamani, siongopi. Ulitulia ukutani kama uliozaliwa pale. Na katikati ya mwanga huo mzuri, juu ya mlango wa fundi nguo, kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, iliandikwa: TUPU.

Jirani wa simu ndiye aliyetangulia kusema. "Mama... ni ofa?"

Mwenye pikipiki mmoja akapaza sauti kutoka kituoni: "Tuje tumevaa, au tuziache huku?"

Kituo kikaangua kicheko. Waya akageuka, akasoma kazi yake, akatoa karatasi mfukoni. "Mbona ndivyo mlivyoandika? Hii hapa. U."

Watu wakaitazama karatasi. Kisha wakanitazama mimi.

"Ni O," nikasema. "Imeachia kidogo juu."

"Na wewe hukushangaa?" Mama akamuuliza Waya. "Fundi nguo, TUPU?"

"Mama, wiki iliyopita nimeandikia hoteli NJAA. Siku hizi sishangai."

Kumbe mrija wa rangi ile ulikuwa umemwishia. Kipande cha kuzibia angekipata Jumatatu. "Nizime kwanza?" akauliza kwa upole.

Mama akatazama kituoni. "Usizime."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sindano ya magunia, uzi uliopakwa nta, na kipande cha ule utepe wa kijivu anaoushona kwenye vizibao vya walinzi, ule unaong'aa ukimulikwa na gari. Akapanda ngazi. Mimi nikashika ngazi kwa mikono miwili na kimya kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Usipoziba ufa," akasema huku akizungusha uzi kwenye ncha moja ya U, "utajenga ukuta." Akauvuta utepe juu ya pengo, ukanyooka, akashona ncha ya pili, mara mbili, kwa mshono wa kurudia. "Na nikimaliza hii O, nakuja kwenye ule mdomo."

Kwa karibu utepe haukuonekana kitu, kijivu juu ya cheusi. Watu walishaanza kuzoea na kurudi kwenye mazungumzo yao. Ndipo gari likakata kona pale kituoni, taa zake zikapiga ukuta wetu, na utepe ukashika moto mweupe. TUPO. Gari likapita, ukazimika. Likaja jingine. TUPO.

"Mpo?" sauti ya mwanamke ikaita kutoka ng'ambo.

Mama hakugeuka. Sindano ilikuwa mdomoni. "Tupo!"

"Yaani mpo kweli?"

Hapo akageuka, na ngazi ikatikisika, na mimi nikaning'inia nayo. Mama Stoo alikuwa anavuka barabara, furushi kichwani, mkono mmoja juu kusimamisha magari kama askari.

"Nimepita hapa mara tatu!" alisema kabla hajafika. "Nikaambiwa mmefunga. Furushi hili nilikuwa nalipeleka kwa fundi wa karibu na kwangu, na wala simjui. Halafu naona TUPU. Nikasema lo, maskini, biashara imewaishia mpaka wamebaki hivyo!"

"Shuka kwenye ngazi, Mama," nikanong'ona. "Mkaribishe."

"Karibu ndani," Mama akasema, akishuka taratibu kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. "Tupo siku zote. Ni kwamba tu tulikuwa nyuma ya M."

Jumatatu Waya alileta kipande chake cha mrija. Mama akakishukuru, akakiweka kwenye droo ya vifungo. Mshono wake haufumuliwi na mtu. Jirani wa simu siku hizi akiulizwa njia na wageni anasema, "Pale penye O iliyoshonwa," na anasema kwa fahari, kama vile aliishona yeye.

Furushi lilikuwa na vitambaa vya sketi sitini. Mama alinipa karatasi ya vipimo niinakili kwenye daftari safi, akasimama nyuma yangu kuangalia. Kila O na kila sifuri nimeifunga mara mbili, kwa mshono wa kurudia. Godoro langu liko salama sebuleni. Mdomo, anasema, bado anatafuta uzi unaofaa.