Mlango wa Odile

Makala moja tu ndiyo iliyompa Odile Tkachuk jina. Humo alionyesha kwamba protini fulani ndogo ndiyo mlango unaopitisha kalsiamu kuingia ndani ya mitokondria, vile vijiumbo vinavyozizalishia seli zetu nguvu. Tangu hapo, kila aliyeandika juu ya mitokondria alimrejelea. Sisi tuliofanya naye kazi chuoni Saskatoon tuliuita mlango wa Odile, na wanafunzi waliukuta vitabuni wakadhani umekuwepo tangu dunia iumbwe.

Basi Februari moja, akijiandaa kwenda Toronto kupokea tuzo ya ugunduzi huo, akapigiwa simu na Ingrid Dueck, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ana maabara yake Halifax.

"Profesa, ile protini yako nimewaondolea panya. Wote."

"Wamekufa?"

"Wanakula na kunenepa. Mmoja kaning'ata leo asubuhi."

Odile akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Kama mlango haupo, kalsiamu inaingilia wapi?

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Alikuwa anaanza barua pepe na kuiacha katikati. Kila chumba alichopita aliacha kikombe cha kahawa kilichopoa. Nyumbani alizunguka meza hadi mumewe, Taras, akaweka gazeti chini.

"Mama, unanitia kizunguzungu. Kaa, au toka."

"Nitoke niende wapi na baridi hii?"

"Maabara. Si ndiko roho yako iliko?"

Akaenda. Miaka mingi alikuwa mtu wa vikao na kuomba ufadhili. Siku ya kwanza aliposhika pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea vimiminika, alimwaga matone mezani, na wanafunzi wakajifanya hawaoni. Alilirudia jaribio lake la zamani, la kuiondoa protini ndani ya seli zilizokuzwa kwenye visahani, mwanzo hadi mwisho. Likatoa majibu yaleyale: bila protini, kalsiamu haikuingia. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye akazidi kuhangaika, kwa sababu Ingrid hakuwa mwongo, wala panya wake.

Alikuwa akizibadilishia seli chakula, kile kimiminika cha rangi ya waridi tunachozilishia sote, ndipo mkono ukasimama hewani. Sukari! Kimejaa sukari kiasi kwamba seli hujipatia nguvu kwa njia ya mkato, na mitokondria hubaki zikisinzia. Panya hai haishi hivyo.

Akazipa sukari ya aina nyingine, ile inayopatikana kwenye maziwa, ambayo haizipi seli njia ya mkato. Nyingi zilikufa. Zilizobaki ziliamsha mitokondria zao kwa nguvu. Akaiondoa protini yake, akakodolea macho kioo cha mashine. Kalsiamu ikaingia kama kawaida.

Akampigia Ingrid papo hapo. "Mlango wangu upo, lakini ni wa seli iliyovimbiwa. Seli inayofanya kazi ina mlango mwingine."

"Usiyaseme hayo Toronto, Profesa. Pokea tuzo yako, halafu tuandike polepole."

"Na wanaotengeneza dawa kwa kuutegemea mlango huo wasubiri nimalize keki?"

Akayasema Toronto, mbele ya ukumbi uliojaa. Alipomaliza, Wendell Pruitt, rafiki yake aliyejenga kazi yake nzima juu ya mlango ule, akasimama, uso umemwiva.

"Odile, umetuvua nguo hadharani!"

"Nimeanza na zangu, Wendell."

Wachache wakacheka. Pruitt akatoka nje bila kumpa mkono, na hadi leo hawasemeshani. Odile aliwaambia wenyeji wa tuzo kwamba hatanuna wakiizuia. Wakanong'onezana kwenye kona, mwishowe wakampa, ingawa picha walipiga harakaharaka.

Makala mpya ilitoka na jina la Ingrid likiwa la kwanza. Kampuni moja ikasimamisha dawa iliyokuwa ikikaribia kujaribiwa kwa wagonjwa. Barua za shukrani zilikuja, na za matusi pia. Kinachomuuma Odile ni kwamba ile makala ya zamani bado inarejelewa zaidi kuliko mpya. Kila anapoiona imetajwa mahali, humwandikia mwandishi: soma na hii mpya.

Kiangazi Taras alimpeleka kwenye nyumba yao ya ziwani apumzike. Hawakumaliza hata wiki. Taras alimkuta amesimama majini, maji yamemfika magotini, simu sikioni, akimfokea Ingrid:

"Sasa huo mlango mwingine uko wapi? Nimechoka kuogelea, nakuja Halifax!"