Jina Lililozuiwa Kuhama

Émilie alikuwa na tovuti ndogo iliyojulikana sana pande za mto. Ilieleza boti gani imeondoka Kisangani, ipi imefika Isangi, ipi imekwama kwenye mchanga. Lakini mitambo ya kampuni iliyosajili jina la tovuti ilizimika kila mara, tovuti ikawa haifunguki, na boti ilipopinduka karibu na Yanonge, wenye ndugu safarini walishinda kutwa bila habari. Hapo Émilie akaamua kulihamishia jina lake kampuni nyingine.

Alidhani ni kazi ndogo. Kampuni yake ya awali ikamjibu kwamba namba ya siri ya kuhamisha jina hutumwa kwenye barua pepe aliyojisajili nayo tu, na hiyo alikuwa ameshaipoteza zamani. Wakamwagiza abadilishe anwani hiyo. Alipoibadilisha, wakalifunga jina lisihame kwa miezi miwili, eti kwa sababu mwenye jina amebadilisha anwani.

Akapiga simu. Aliyepokea, Carlos, alikuwa na adabu kupita kiasi.

"Maman, ni juu ya usalama yako," akasema. "Iko sheria ya kampuni."

"Munanilinda na nani? Jina iko yangu, na ni mimi naiomba."

Carlos akamuuliza kama angependa kulilipia jina hilo mwaka mwingine kwao. Émilie akakata simu.

Kaka yake Bavon, nahodha wa boti, akamshauri aachane nalo, atafute jina jipya. Hakutaka kusikia. Jina lile lilikuwa limeandikwa kwa rangi ubavuni mwa boti kutoka Lubunga hadi Barumbu, na watu walikuwa wamelizoea.

Basi akaketi, akayasoma masharti ya kampuni yote, Kifaransa kile kizito, hadi macho yakamuuma. Humo akakuta kwamba mteja ana haki, kabla ya kubadilisha anwani, ya kukataa jina lake lifungwe, na kwamba ni lazima aulizwe. Hakuna aliyemuuliza. Akaandika malalamiko kwa chombo kinachosimamia kampuni hizo, na nakala akampelekea Carlos.

Namba ya siri ikaja juma lililofuata, bila hata neno la pole.

Jina lilipohama, Bavon alileta liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, akasema washerehekee.

"Tunasherehekea nini?" Émilie akamuuliza. "Wamenirudishia kitu yangu, ni ile tu."

Hata hivyo alinawa mikono, akaketi, akala, bado amekunja uso.