Benedikta Akataa Wembe

Praxeda aliketi mlangoni mwa mwanawe na wembe mpya mkononi, akamwambia mkwewe atoe mguu.

Benedikta alikuwa na mimba ya miezi saba, ya tatu hiyo. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa akianika singa, zile nyuzi za mkonge, shambani upande wa Mwera, kazi ya kusimama kutwa. Mishipa ya miguu ilikuwa imemtutumka nyuma ya magoti mpaka kwenye vifundo, imejisokota, rangi ya buluu. Kila jioni miguu ilikuwa mizito, ikimwaka moto.

"Damu mbaya hiyo," alisema Praxeda. "Kwetu milimani tunaichanja, inatoka, mtu anapumua. Lete mguu."

"Sitoi, mama."

Tangu aolewe hajapata kumjibu mama mkwe hivyo. Timotheo, mumewe, aliacha kunoa kisu chake cha kukatia mkonge.

"Unasemaje?" Praxeda aliuliza.

"Nimesema sitoi. Nilikwenda Pangani kwa Bibi Saleha, mkunga wa zahanati. Kaniangalia miguu yote miwili. Kasema mishipa hii ikikatwa, damu inaweza kugoma kukatika. Na mimi nina roho mbili humu."

"Kakupa dawa gani basi?"

"Hakuna ya kunywa. Nifunge miguu kwa kitambaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, kuanzia vidoleni kwenda juu. Nisisimame mahali pamoja. Na nikirudi kazini nilale ubavu wa kushoto, miguu nimeiinua."

"Miguu juu! Mbele ya mkweo! Na mumeo apikiwe na nani?"

Benedikta alitandika mkeka palepale, akaburuta gunia lililojaa makapi ya mkonge, akajifunga kanga hadi kwenye vifundo, akalala, akaiweka miguu juu ya gunia. Hakuishusha.

"Timotheo! Unamwona mkeo?"

Timotheo alimtazama mkewe, akautazama na wembe. "Namwona, mama. Amechoka." Akainuka, akabandika sufuria ya ugali mwenyewe.

Praxeda akaondoka kwa hasira, na kabla ugali haujaiva kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa na habari.

Kesho yake nyapara Idarusi alimkuta Benedikta ameketi juu ya mzigo wa singa.

"Inuka! Hapa si barazani kwenu."

"Nitainuka nikishapumzika, nitaanika, kisha nitaketi tena. Kazi yangu utaikuta imekwisha. Ukitaka kunifukuza, nifukuze wenzangu wakisikia."

Wanawake waliokuwa kwenye kamba waliacha kuanika, wakageuka wote. Beatrisi, naye mjamzito, alivuta mzigo wake akaketi kando ya Benedikta. Idarusi aliwatazama, akatukana kwa Kidigo, akaenda zake. Jioni kazi ilikuwa imekwisha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kali. Mishipa mingi ilinywea baada ya uzazi. Michache ilibaki mpaka uzeeni. Praxeda alikuja kumwogesha mjukuu. Hakuomba radhi, wala Benedikta hakuingoja.

"Huyu mtoto ana kelele," Praxeda alisema.

"Mwache apige," Benedikta alijibu.