Pikapu ya Kupiga Magoti

Mume wangu Mpoyi, fundi wa magari, aliishusha pikapu yake kwa ajili ya mama yangu, lakini mtaani walidhani ni majivuno. Vijana wa pikipiki walisimama mbele ya kiwanja chetu, katika kambi ya reli, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

— Mpoyi, hiyo gari iko inatafuta nini chini? Imeangusha sindano?

— Muiache, inasali! Haiwezi kupita mbele ya parokia imesimama tu.

Mpoyi alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

— Mucheke, mucheke, akajibu. Za kwenu hata breki haina, munasimamisha na kiatu.

Ilikuwa pikapu ndogo, ila imeinuliwa juu kama zote za Kindu, maana matope yetu hayana heshima. Mpoyi alitoa resori za mbele, zile springi za chuma, mahali pake akatia mipira minene ya kujazwa upepo, akapitisha bomba jembamba mpaka kwenye kompresa chini ya kiti. Ukibonyeza kitufe, upepo unatoka, na pua ya gari inashuka polepole kama ng'ombe anayetaka kulala. Ukibonyeza kingine, inainuka.

Mama alihitaji gari la namna hiyo kwa sababu ya Kizito.

Kizito alikuwa kaka yangu. Mwaka ule wa vita, mji ulipofungwa pande zote na treni ikanyamaza, Mama alitoka Kindu kwa miguu kuelekea Kibombo. Baba alikuwa amekwisha kupotea. Kizito alishika pindo la kikwembe cha Mama, mimi nilikuwa mgongoni. Alikuwa na surua. Akafa njiani, mchana mweupe, watu wakipita na mizigo yao. Mama aliazima jembe kwa mtu asiyemjua, na mtu yule akasimama karibu akisema: “Mama, fanya mbio, hilo jembe njo maisha yangu.” Kaburi likawa fupi. Upande huu kichuguu, upande ule michikichi miwili. Halafu Mama akaendelea na safari, kwa sababu mimi nilikuwa nalia njaa.

Tangu nilipomzaa Bénie, siwezi kuifikiria safari hiyo mpaka mwisho. Ninafika kwenye jembe, kisha ninaamka kumfunika mtoto, hata kama hana baridi.

Sasa kampuni moja ilikuwa imeleta mashine za manjano, inapanua barabara ile ya Kibombo na kuchimba udongo mwekundu kandokando. Kila juma zilisogea. Tulitaka kumtoa Kizito kabla hazijamfikia, tumlete kwenye makaburi ya mji. Mpoyi alikwenda na pikipiki kutafuta kichuguu na michikichi miwili. Akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope.

— Vichuguu huko ni kama watu sokoni, akaniambia. Na michikichi, usiseme. Mama njo anajua. Peke yake.

Lakini Mama, nyonga yake ilikuwa imekufa. Mguu haukupanda hata ngazi ya jikoni. Pikipiki haiwezekani. Pikapu iko juu. Mimi nilijaribu kumbeba, tukaanguka wote wawili. Vijana wa jirani walijitolea, na Mama akafunga mlango. Wakati wa vita wanaume walimbeba na kumtupa ndani ya gari, na habari iliyofuata hakuisema hata siku moja. Alisema tu: “Mikono ya wanaume, hapana.”

Akabaki Mpoyi. Na Mpoyi ni mkwe.

Sisi asili yetu ni jimbo la Kasai, mababu walikuja na reli. Kwetu mwanaume hamgusi mama wa mke wake; mwiko huo tunauita buko. Hali chakula naye, hamtazami machoni, hazungumzi naye uso kwa uso. Mama akipita uani, Mpoyi anageukia ukuta. Maneno yao yote yalipita kwangu. “Uambie bwana yako mvua inakuja, aanue nguo yake.” Naye alikuwa amesimama palepale, anasikia! Ninageuka ninamwambia, anajibu, ninageuka tena. Nilikuwa mlango wa nyumba hiyo.

Ndiyo maana Mpoyi akafikiri: kama siwezi kumwinua Mama, nitamshushia gari. Niliona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwa mwanaume. Akaagiza mipira kwa Gauthier, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka karibu na soko. Lori la Gauthier likakwama upande wa Lubutu, kwenye matope. Tukangoja. Mipira ikafika, bomba moja limepasuka. Tukangoja tena. Kila siku Mpoyi aligonga nyundo uani, na kila siku Mama aliketi nyuma ya pazia la chumba chake, anasikiliza.

— Uambie bwana yako kelele yake inaniumiza kichwa.

— Mama anasema asante kwa kazi, nikamwambia Mpoyi.

Asubuhi tuliyoondoka, pikapu ilipiga magoti mbele ya mlango. Mama akatoka na kikwembe chake cha kanisani, akaingiza kiuno kwanza, kisha mguu mzuri, kisha ule mbaya kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Akakaa dirishani, mimi katikati na Bénie kifuani, Mpoyi kwenye usukani akitazama mbele tu. Vijana wa pikipiki hawakucheka siku hiyo. Mmoja alivua kofia.

Nje ya mji barabara ilikuwa mpya, nyekundu, laini kama ukuta uliopakwa. Sijawahi kupita njia kama ile katika jimbo letu la Maniema. Bénie alilala. Nikajisemea, tutafika.

Mama akanigusa goti.

— Asimame.

— Mama anasema usimame.

Mpoyi akabonyeza kitufe, gari likashuka. Nje kulikuwa na shimo kubwa la udongo, pana kama uwanja wa mpira. Mchikichi mmoja umesimama ukingoni, mizizi nje. Mwingine ulilala umekatwa, majani yake bado mabichi.

Kichuguu hakikuwepo.

Mama alishuka mwenyewe, akaenda na fimbo mpaka ndani ya shimo, akaketi chini. Akashika udongo, akautazama, akaumwaga. Kisha akageuka, akamtazama mume wangu usoni. Mpoyi akatafuta ukuta wa kugeukia, na hapakuwa na ukuta.

— Mpoyi. Ninasema na wewe, si na yeye. Kwa nini hukuleta mbuzi?

— Mbuzi... Mama?

— Mukwe anamuletea mama mukwe mbuzi, buko inafunguka. Anaweza kumubeba, anaweza kumuzika. Baba yako hakukuambia?

— Baba alikufa nikiwa mudogo. Nilijua tu mambo ya kukataza.

— Mimi siwezi kuomba mbuzi. Mama mukwe haombi. Nilikuwa nasikia nyundo, nasema: leo anajenga kizizi, kesho mbuzi anakuja. Wanaume wengine nilikataa. Wewe ni mutoto wangu. Siku ya kwanza ile ungenibeba, Kizito angekuwa bado hapa.

Hakupaza sauti. Mpoyi aliweka mikono kichwani. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yao miaka yote, na lile moja la lazima halikupita kwangu. Nikambana Bénie mpaka akaamka na kulia. Mashine ilinguruma mbali mbele, udongo wa kaka yangu umekwisha kusambazwa, tumepita juu yake na magurudumu yetu, nami nikausifu kwa ulaini wake.

Mama alijaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Pikapu ilikuwa imepiga magoti kule barabarani, haina msaada wowote.

— Unanitazama nini? Beba. Mbuzi utaleta kesho.

Mpoyi akainama, akambeba. Mama alifumba macho, mdomo umekazwa, na hakuacha kutetemeka mpaka kwenye kiti.

Nilidhani tutarudi Kindu. Mama akanyoosha kidole mbele, ng'ambo ya mashine, ambako barabara ya zamani inaanza na mashimo yake.

— Kizito hakuwa peke yake, akamwambia Mpoyi. Tulizika wengi njia hii, si mutoto mumoja tu.

Mpoyi akajaza upepo, pua ya gari ikainuka. Tukazipita mashine. Kwenye jiwe moja kubwa Mama akasema asimame: hapo alizikwa Mama Philomène wa kambi ya reli, na mimba yake. Mpoyi akakata mti, akauchomeka, akafunga kitambaa chekundu cha gereji yake ili dereva wa mashine akione, asichimbe hapo. Akarudi mikono ina udongo. Akainama mbele yangu ili amwone Mama vizuri. Mimi nilikuwa namnyonyesha Bénie, hakuna aliyenihitaji.

— Na baada ya huyu, Mama?

— Songa kidogo. Polepole. Hapo penye mihogo.