Mama Ndawa

Ndugu yangu Mumo ni mchekeshaji. Ana podikasti inayosikilizwa hadi ng'ambo, ana bango lenye uso wake pale mjini Machakos, na jina lake la kazi ni Mumo wa Mama. Kila nikilisikia jina hilo, roho inanichafuka.

Umaarufu wake ulianza na simu moja. Kwetu Kola tunaongea Kikamba. Hakuna aongeaye Kiswahili na mama. Siku hiyo Mumo alimpigia kwa Kiswahili, na mama, akidhani mwanawe yuko mbele ya wageni, akamjibu kwa Kiswahili ili asimwaibishe. Akamweleza habari za kifua chake: "Ndaktali amenipa ndawa ya mbaada ya kula." Kumbe Mumo anarekodi. Akaiweka hewani, akaicheka, akairudia. Watu wakaifanya mlio wa simu. Sokoni vijana wakaanza kumwita mama Mama Ndawa.

Nilimpigia. "Mumo, kwani huna haya? Huyo ni mama!"

"Wavinya, relax. Watu wanampenda. Ni kontenti tu."

Kontenti! Mama aliacha Kiswahili kabisa. Kanisani mgeni akimsalimu, anatabasamu tu. Zahanati yetu ina daktari mpya, mtu wa mbali, Kikamba hajui hata neno. Mama alienda huko na kifua chake, wauguzi wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, akageuka akarudi nyumbani. Sasa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nilitaka kwenda naye nimsemee, akakataa. Alisema ataenda akiwa tayari.

Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya jikoni, peke yake na kuku, akinong'ona: "Nda... da. Dawa. Dawa." Nilirudi nyuma taratibu, nikalia kwa hasira.

Mwezi uliopita Mumo akaleta podikasti yake mjini, irekodiwe mbele ya Wakamba wenzetu. Akamtumia mama gari. Nilimsihi asiende. Akaniambia mwanawe amemwita, na mtoto akikuita huendi? Nikafuatana naye, nikakaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani.

Mumo alimpandisha jukwaani, koti lake linameremeta, akamkumbatia ili kamera zione. Akamkabidhi maikrofoni.

"Haya, mathe, ambia hawa watu daktari alikupea nini!"

Simu zikainuliwa. Mama akakaza kitambaa chake kichwani.

"Dawa," akasema. "Daktari alinipa dawa ya baada ya kula."

Safi kabisa, kila herufi mahali pake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa karibu kusimama nipige makofi.

Mumo akakunja uso, kisha akakumbuka kamera. "Aa, mathe! Hiyo sio yenyewe. Sema ile yako."

Mama akanitafuta kwa macho kule chini, ameishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Kikamba, na vipaza sauti vikalipeleka swali lake mpaka mlangoni:

"Nimekosea tena?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Mumo akainua mikono juu kama mtu aliyefunga bao.