Nywila ya Mama Violet

Hapa Newala maji ya kisima cha mvua hayauzwi kwa jirani. Ajaye na ndoo huchotewa, kisha hutwikwa. Kumwacha ainue ndoo peke yake ni kumwambia asirudi. Nami nilimchotea na kumtwika Mama Violet tangu mumewe, mtumishi wa serikali, alipohamishiwa kwetu, wakapanga nyumba yenye ukuta mrefu isiyo na kisima.

Dada yangu mkubwa, Helena, alipopatwa na kiharusi, binti yangu Oliva alimchukua akamuuguze Dar es Salaam. Ulimi wa Helena ulikufa, macho yakabaki. Simu yangu ya vitufe ikawa haina faida, kwa maana nilisema peke yangu, na upande wa pili nilisikia pumzi tu. Ndipo Oliva aliponitumia kishikwambi kwa basi, ili dada yangu apate kuniona. Kwa haraka yake hakutambua kwamba kifaa hicho hakina mahali pa kuweka laini. Kiliutegemea mtandao wa mtu mwingine.

Mtandao wa Mama Violet ulivuka ukuta ukafika barazani pangu. Nilikwenda kumwomba. Alikichukua kishikwambi, akaandika nywila kwa mkono wake, akacheka.

"Mwalimu, sasa na wewe umekuwa kijana wa kijiweni."

Niliuvumilia mzaha huo. Jioni ile Helena aliniona. Chozi lilimtoka upande wa uso uliokuwa bado hai. Jioni zilizofuata nilimsimulia habari za mikorosho yake, upi umechanua na upi umeshikwa na ugonjwa wa ubwiri, naye alinijibu kwa kupepesa.

Kisha, asubuhi moja, Oliva alinipigia simu. Alisema niwashe kishikwambi upesi; Mama mkubwa alikuwa akinitafuta kwa macho, na huenda asifike mchana.

Nilikiwasha. Kikaniomba nywila. Nilikizima, nikakiwasha tena, kikaniomba tena.

Mama Violet hakufungua geti. Aliniamkia kupitia tundu lake, nami nikaitikia, kwa kuwa adabu haina likizo. Nilimweleza kwamba dada yangu anakata roho.

"Pole, Mwalimu. Nimeibadilisha jana. Vijana wamejaa ukutani, nani ajuaye wanaipata kwa nani?"

"Sikumpa mtu. Hata mimi sikuijua. Uliiandika wewe."

"Hii mpya anaijua mume wangu. Akirudi jioni, nitamwuliza."

Alikuwa ameibadilisha yeye, na papo hapo alikuwa haijui. Nyuma yake, sebuleni, katuni za Violet zilikuwa zikicheza bila kukwama.

Nilikifunga kishikwambi ndani ya kanga, nikatembea hadi kituo cha bodaboda. Fakihi, niliyemfundisha darasa la tatu, alikiunganisha na mtandao wa simu yake bila kuuliza sababu. Picha ilipokuja, niliuona uso wa Oliva, na nyuma yake shuka iliyovutwa hadi juu.

"Aliitazama simu mpaka mwisho, Mama," alisema.

Katika siku zote za matanga, Mama Violet hakuonekana.

Mwezi wa kumi, mabomba yalipokauka tena, alikuja na ndoo. Aliniamkia, akanipa pole ya msiba, akasema kwamba shughuli zilimzidi. Nilichota, nikaijaza ndoo yake mpaka ukingoni, kwa kuwa maji ni ya Mungu. Kisha nikaketi barazani.

Alikunja ngata, akaiweka kichwani, akashika ukingo wa ndoo, akaningoja.

"Mwalimu, nitwike basi."

"Mume wako akirudi jioni," nilisema, "mwulize."

Aliitoa ngata kichwani. Kisha akaiburuta ndoo kuelekea getini kwake, maji yakimwagika mchangani hatua kwa hatua. Niliutazama mchanga ukiyanywa, wala sikupata nafuu yoyote.